Helena Rubinstein: Mwanamke aliyefunza ulimwengu kwamba ngozi hazifanani

Anayenunua leo kopo la krimu au pakiti ya udongo wa kupaka usoni hukuta pameandikwa iwapo kilichomo ni cha ngozi kavu, ngozi ya mafuta au ngozi ya kawaida. Mgawanyo huo umezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza ulitoka wapi. Jina linalotajwa zaidi swali hilo linapoulizwa ni la Helena Rubinstein, mwanamke mfupi asiyefikia hata mita moja na nusu, aliyeanza na vikopo vichache vya krimu na kuishia kuwa miongoni mwa wanawake matajiri zaidi duniani katika enzi yake.

Maisha yake yalijengwa juu ya nguzo mbili zisizopatana. Moja ilikuwa uongo mtamu kuhusu asili ya krimu yake. Ya pili ilikuwa ukweli mkavu kwamba kinachoufaa uso mmoja huweza kuudhuru mwingine. Uongo ndio uliomtajirisha haraka. Ukweli nao ungali unawafaa watu wanaojitengenezea barakoa za uso jikoni mwao, wengi wao wakiwa hawajapata kulisikia jina lake.

Kumbukumbu nyingi zinataja tarehe ya kuzaliwa kwake kuwa Desemba 25, 1872, ingawa mwenyewe alikuwa na mazoea ya kujipunguzia miaka kila alipojaza fomu. Alizaliwa mjini Kraków, katika mtaa wa Kazimierz uliokaliwa na Wayahudi. Nchi ya Poland wakati huo haikuwa na dola yake, na mji huo ulikuwa chini ya himaya ya Austria na Hungary. Alipewa jina la Chaja, naye akawa kifungua mimba katika nyumba ya mabinti wanane. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mdogo ambaye mali haikumkalia. Kwa familia ya namna hiyo, mabinti wanane walikuwa mzigo wa mahari, na ilitarajiwa kwamba mkubwa angeolewa upesi ili kuwapisha wadogo zake.

Chaja alikataa mume aliyechaguliwa na wazazi. Ugomvi ulipopamba moto aliondoka nyumbani, akakaa kwa muda na jamaa zake Vienna, na mwaka 1896 akapanda meli kwenda Australia, alikokuwa na mjomba aliyekuwa na duka katika kijiji cha Coleraine, magharibi mwa jimbo la Victoria. Katika safari hiyo ndipo alipojipa jina la Helena. Hadithi aliyoisimulia baadaye inadai kwamba ndani ya sanduku lake mlikuwa na vikopo 12 vya krimu alivyopewa na mama yake. Huenda ni kweli na huenda si kweli. Helena alikuwa bingwa wa kuitengeneza upya historia yake, na hapana budi kumsoma kwa tahadhari.

Jambo lisilo na shaka ni kwamba mandhari ya Coleraine ndiyo iliyompa riziki. Hiyo ilikuwa nchi ya kondoo, yenye jua kali na upepo mkavu. Wanawake wa wafugaji walikuwa na nyuso zilizokauka na kuiva kwa jua, nao walimwona mgeni huyu mwenye ngozi laini, wakataka kujua siri yake. Vikopo, kama vilikuwepo, vilikwisha. Lakini malighafi ilikuwa ikitembea malishoni kwa maelfu. Sufu ya kondoo hutoa mafuta mazito yaitwayo lanolini, ambayo kazi yake kwa mnyama ni kuzuia maji. Yakipakwa kwenye ngozi ya binadamu huzuia unyevu uliomo usitoke, na ngozi iliyopauka hulainika. Kasoro yake ni harufu, kwa kuwa lanolini ghafi hunuka kama zizi. Helena aliifunika harufu hiyo kwa lavanda, gome la msonobari na yungiyungi.

Kabla ya kuuza chochote alipitia kazi nyingi za kijungu jiko. Aliuza dukani kwa mjomba, akalea watoto wa watu huko Queensland, kisha akawa mhudumu katika mkahawa wa chai mjini Melbourne. Mnamo mwaka 1902 au 1903 alifungua duka lake la kwanza mjini humo, akaibandika krimu yake jina la Valaze. Matangazo ya magazeti yalidai kuwa ilitengenezwa kwa mitishamba adimu ya milima ya Carpathia, na kwamba ilibuniwa na daktari mashuhuri wa ngozi kutoka Ulaya. Wanunuzi waliosoma maneno hayo hawakujua kwamba sehemu kubwa ya walichokuwa wakinunua ilitoka kwa kondoo waliowaacha nyumbani. Yaelezwa kwamba kopo moja lilimgharimu takriban peni 10 kulitengeneza, naye akaliuza kwa shilingi sita za Kiingereza. Kwa kuwa shilingi ya wakati huo ilikuwa na peni 12, mwenye hesabu atakuta kwamba kila kopo liliuzwa kwa zaidi ya mara saba ya gharama yake.

Hata hivyo krimu ile haikuwa maji ya kisima yaliyotiwa rangi. Ilifanya kazi, na ilifanya kazi kwa sababu wateja wake wa kwanza walikuwa na tatizo moja, yaani ukavu. Laiti angekuwa mlaghai mtupu, angeendelea kumuuzia kila mtu kopo lile lile hadi mwisho. Lakini dukani kwake Melbourne alianza kuwakalisha wanawake kwenye kiti, akawatazama nyuso kwa karibu na kuwauliza maswali kabla ya kuwauzia chochote. Mafuta mazito ya sufu yanayomfaa mke wa mfugaji hayawezi kumfaa msichana wa mjini ambaye uso wake unang'aa mafuta tangu asubuhi. Huyo yanamzibia vinyweleo na kumzidishia chunusi.

Mwaka 1905 alisafiri Ulaya kuwatembelea wataalamu wa ngozi na kujionea matibabu yao. Hakuwa daktari, na madai yake ya baadaye kwamba alisomea udaktari hayana ushahidi. Lakini alirejea na msamiati wa kitaalamu na hoja aliyoishikilia maisha yake yote, kwamba kuna ngozi kavu, ngozi ya mafuta na ngozi ya kawaida, na kila moja ina matunzo yake. Bidhaa zikaanza kuzaana. Wenye vinyweleo vilivyopanuka na chunusi nyeusi walitengewa dawa yao maalumu, tofauti na Valaze ya wenye ngozi kavu. Kibiashara hiyo ilikuwa busara kubwa, maana aliyekuwa akiuza kopo moja sasa aliweza kuuza kumi. Ila ukweli hauachi kuwa ukweli kwa sababu una faida.

Mwaka 1908 alimwacha dadake Ceska akiangalia biashara ya Melbourne, akaenda London na kufungua saluni katika jumba la mtaa wa Mayfair lililowahi kuwa la Lord Salisbury, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza. Mwaka huo huo aliolewa na Edward Titus, mwanahabari mwenye asili ya Poland aliyekuwa raia wa Marekani. Walijaliwa wana wawili, Roy na Horace. Paris ikafuata, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolipuka familia ikahamia Marekani, ambako saluni ya New York ilifunguliwa mwaka 1915. Ndoa hiyo haikuwa na furaha. Titus alipenda vitabu na wanawake wengine, naye Helena alipenda kazi. Kila alipogundua kwamba mumewe amemkosea alijinunulia kito, hasa lulu, na mkusanyiko wake ulipokua mkubwa akauhifadhi kwenye kabati la mafaili kwa kufuata alfabeti.

Saluni zake ndizo zilizowazoesha wanawake wa tabaka la kati na la juu kulala chali usoni wamepakwa lihamu ya udongo au mitishamba. Barakoa ya uso yenyewe haikuwa uvumbuzi wake wala wa Mzungu yeyote. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, wanawake wa Lamu na Mombasa wamekuwa wakisaga liwa kwenye msio kwa matone ya marashi ya waridi na kujipaka usoni tangu zamani, na bibi harusi husingwa mwili mzima kwa singo kabla ya siku yake. Jipya katika saluni ya Rubinstein lilikuwa lile swali lililotangulia upakaji: hii ni ngozi ya aina gani?

Swali hilo linajibika nyumbani bila kifaa chochote. Mtu huosha uso kwa sabuni isiyo kali, akaufuta na kukaa takriban saa nzima bila kujipaka kitu. Kisha hubandika karatasi laini ya shashi kwenye paji la uso, pua, mashavu na kidevu. Karatasi ikilowa mafuta kila mahali, ngozi ni ya mafuta. Ikilowa kwenye paji, pua na kidevu pekee huku mashavu yakiwa makavu, ngozi ni mchanganyiko, na hiyo ndiyo hali ya watu wengi. Ikibaki kavu na uso ukahisi umevutwa kama ngozi ya ngoma, ngozi ni kavu. Kuna pia ngozi nyepesi kudhurika, inayowasha au kuwa nyekundu kwa kila kitu kipya. Hiyo haitambuliwi kwa karatasi bali kwa historia ya mwenyewe.

Ngozi ya mafuta hufaana na udongo, kwa mfano kaolini au bentonaiti, kwa kuwa udongo hufyonza mafuta ya juu. Hukorogwa kwa maji hadi uwe kama uji mzito, ukapakwa kwa wembamba na kuachwa dakika 10 hivi. Kosa la kawaida ni kuusubiri hadi ukauke na kupasuka kama tope la kiangazi. Ukifikia hapo umeacha kufyonza mafuta na umeanza kunyonya maji ya ngozi yenyewe, na mtu huondoka akiwa na uso mkavu unaowasha. Unapaswa kuoshwa ungali na unyevu. Mara moja au mbili kwa wiki zinatosha.

Kwa ngozi kavu udongo ni adui. Parachichi bivu lililopondwa na kijiko cha asali hufaa zaidi, kwa kuwa parachichi lina mafuta na asali hushika maji. Maziwa ya mtindi yasiyotiwa sukari nayo yana asidi laini inayolegeza seli zilizokufa, kwa hiyo huufaa uso uliopauka, lakini hayamfai mwenye michubuko. Mwenye ngozi mchanganyiko hana haja ya kuchagua upande mmoja. Anaweza kupaka udongo kwenye paji, pua na kidevu, na asali mashavuni. Baada ya barakoa yoyote uso huoshwa kwa maji vuguvugu na kupakwa mafuta mepesi kabla haujakauka kabisa.

Mwenye ngozi nyepesi kudhurika hana budi kujaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, na kungoja siku nzima. Zipo pia tiba zinazosifiwa vijiweni ambazo hazimfai yeyote: maji ya ndimu, magadi ya soda na dawa ya meno. Ndimu ni hatari zaidi, kwa maana maji yake yakikutana na jua kwenye ngozi huweza kuibabua. Ngozi nyeusi ina sababu ya ziada ya kujihadhari. Kila inapochomeka au kuvimba huacha doa jeusi linaloweza kudumu miezi mingi, na hivyo aliyejipaka kitu kikali ili aondoe doa moja hujipatia matatu.

Hapo ndipo kasoro ya Rubinstein inapoonekana waziwazi. Mafungu yake yalibuniwa akizitazama nyuso za Wazungu, na matangazo ya Valaze yaliahidi kufuta madoa ya jua na kurejesha weupe. Katika enzi hiyo biashara ya vipodozi ilikuwa soko lisilo na askari. Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 kuhusu vyakula na dawa haikuvigusa kabisa, na ilibidi kungoja hadi 1938 ndipo vikaingizwa chini ya sheria. Zebaki ilitumika katika krimu nyingi za kung'arisha ngozi za wakati huo. Madini hayo hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 ulilenga kuyaondoa katika vipodozi, lakini krimu zenye zebaki zimeendelea kupenyezwa katika masoko mengi, ya Afrika yakiwemo. Kiu ya weupe iliyochochewa na matangazo ya karne iliyopita haikwisha na wachochezi wake. Parachichi na udongo havina ahadi hiyo, na hiyo ni sifa yao.

Katika biashara Helena hakuwa na mfano. Mwaka 1928 aliiuzia benki ya Lehman Brothers kampuni yake ya Marekani kwa dola milioni 7.3. Mwaka uliofuata soko la hisa likaporomoka. Wanunuzi walikuwa wakijaribu kuzigeuza bidhaa zake kuwa za bei ya chini, jambo lililomkera, naye akazikusanya hisa taratibu na kuirejesha kampuni mikononi mwake kwa sehemu ndogo tu ya fedha alizolipwa. Mpinzani wake mkubwa, Elizabeth Arden, alikuwa na saluni mjini New York umbali mfupi kutoka kwake. Wawili hao waliibiana wafanyakazi, wakaigana bidhaa, na kwa zaidi ya miaka 40 wakakwepana. Inaaminika hawakuwahi kusalimiana hata mara moja.

Waliomjua wanasimulia mwanamke aliyevaa almasi huku akibeba chakula chake cha mchana kwenye mfuko wa karatasi na kubishania nauli. Katika picha za matangazo alipenda kuvaa koti jeupe la maabara, na maabara yenyewe aliiita jiko lake. Baada ya kuachana na Titus, aliolewa mwaka 1938 na Artchil Gourielli-Tchkonia, aliyejulikana kama mwanamfalme kutoka Georgia. Mwaka 1941 alipotaka nyumba katika barabara ya Park Avenue, New York, aliambiwa kwamba Wayahudi hawakubaliwi katika jengo lile. Alilinunua jengo zima.

Fedha hazikuweza kununua kila kitu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia makazi yake ya Paris yaliporwa na Wajerumani, na dadake Regina, aliyebaki Poland, aliuawa katika mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Baada ya vita Helena alirudi Ulaya kuijenga upya biashara akiwa amepita umri wa miaka 70. Mwaka 1953 aliunda wakfu uliofadhili elimu na afya ya wanawake na watoto, na mwaka 1959 jengo la sanaa lenye jina lake likafunguliwa mjini Tel Aviv.

Kuna upande mwingine wa maisha yake ambao wasomaji wa Afrika wangependa kuujua. Tangu miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza, kwa ushawishi wa mchongaji Jacob Epstein, alianza kununua vinyago na sanamu kutoka Afrika wakati ambapo Wazungu wengi waliviona kuwa vioja tu. Kiswahili kina bahati ya kutenganisha kinyago na barakoa, lakini katika lugha za Ulaya alizozizungumza neno ni moja, na mwanamke huyu aliishi na vyote viwili: lihamu za usoni saluni, na nyuso za mbao kutoka Afrika Magharibi na ya Kati ukutani kwake. Vingi viliondolewa katika jamii zake wakati wa ukoloni, na waliovichonga hawakuandikwa majina. Sanamu maarufu zaidi aliyoimiliki ilitoka kwa Wabangwa wa Kamerun, nayo ilipigwa picha na Man Ray.

Mwaka 1964, akiwa na zaidi ya miaka 90, wezi waliojifanya kuwa wameleta maua waliingia chumbani kwake Park Avenue na kumfunga kwenye kiti. Alikataa katakata kuwaonyesha funguo za kasha la vito, ambazo alikuwa amezificha, nao wakaondoka karibu mikono mitupu. Alifariki mjini New York Aprili 1, 1965. Arden alimfuata Oktoba 1966.

Mwaka huo huo wa 1966 sanaa yake ya Afrika ilipigwa mnada mjini New York. Ile sanamu ya Wabangwa iliuzwa kwa dola 29,000, na ilipopigwa mnada tena mwaka 1990 ilifikia dola milioni 3.4. Kampuni yake ilinunuliwa na Colgate-Palmolive mwaka 1973, kisha mwaka 1988 ikaingia mikononi mwa L'Oréal ya Ufaransa.